Mvua ya jukwaani kwa maigizo ya shule: maswali mnayouliza kila mara

Nasaidia vikundi vya maigizo vya shule na haya maswali naulizwa mwaka mzima, ila mengi yanakuja wiki mbili kabla ya onyesho watu wakiwa washachanganyikiwa. Nimeyaweka hapa yote, sijayapanga kwa umuhimu.

Kuna tukio la mvua kubwa na hatuna kifaa hata kimoja. Tuanzie wapi?

Anzeni na masikio. Karibu kila kikundi kinakimbilia maji au projekta, lakini mtu akikaa gizani akasikia mvua inapiga paa, alafu akamwona mwigizaji anaingia mabega yamepanda mpaka masikioni, anapangusa uso kwa kiganja, anakung'uta miguu mlangoni, huyo mtazamaji ashaamini tayari wala hahitaji kuona tone lolote. Mpangilio wangu mimi ni sauti kwanza, pili mwili wa mwigizaji, tatu taa, na maji mwisho kabisa, na mara nyingi huko kwenye maji hatufiki na hakuna anayelalamika. Ukianza na maji hela yote na muda wote vinaishia kwenye bomba, alafu waigizaji wanasimama chini yake kama watu wanaosubiri basi kwenye jua.

Sauti ya mvua tunaitengenezaje wenyewe kwa mikono?

Tengenezeni sanduku la mvua. Tafuta bomba gumu la karatasi, lile linalozungushiwa vitambaa au zulia, urefu kama mita 1. Piga misumari midogo kuzunguka bomba lote, nafasi ya kama sentimita 2 kati ya msumari na msumari, mstari uzunguke unapanda kama nyuzi za skrubu. Misumari iwe mifupi kuliko upana wa bomba isije ikatokeza upande wa pili ikamchoma mtu. Ziba mwisho mmoja, mimina kikombe cha mchele au dengu kavu, ziba na mwisho wa pili, alafu zungushia tepu juu ya vichwa vya misumari kote manake baada ya siku mbili za mazoezi vinaanza kuchomoka.

Ukiliinamisha taratibu punje zinateremka zikigonga misumari na hapo ndo unapata ule mchirizo. Kadiri bomba linavyokaribia kulala ndivyo mvua inavyokuwa nyepesi na ndefu, ukilisimamisha ghafla inamwagika yote. Mchele unatoa manyunyu, dengu inatoa mvua ya kawaida, na kokoto ndogo zinatoa ile mvua ya kumfanya mtu akimbie. Tengenezeni mawili, wanafunzi wawili wapokezane, mmoja akikaribia kumaliza mwenzake anaanza, sauti isikatike.

Jingine rahisi ni kunyunyiza mchele kidogokidogo kwenye trei ya bati iliyoinamishwa. Hilo linafaa kwa zile dakika za mwanzo mvua inapoanza tone mojamoja.

Wanafunzi wengi wamebaki bila nafasi ya kuigiza. Tunaweza kuwatumia?

Tena hii kuliko zote ndo naipenda! Wapange nyuma ya pazia au pembeni kwenye ngazi, waanze kusugua viganja (huo ni upepo), baada ya hapo walio upande mmoja tu waanze kupiga vidole vilie, iende ikisambaa hadi upande wa pili, halafu wapige mapaja, na mvua ikishika kweli waongeze miguu sakafuni. Wakiwa 30 au 40 ukumbi unatetemeka. Siri yake ni isibadilike kwa wote mara moja, kila badiliko lianze kwa mtu mmoja lisogee kwa jirani yake, kwasababu mvua yenyewe inakuja hivohivo, unaisikia kwa jirani kabla haijafika kwako. Mvua ikiwa inaondoka mnarudi nyuma kwa mpangilio uleule.

Si rahisi tu kupiga rekodi kutoka kwenye laptopu?

Ni rahisi na inafaa, ila kuna makosa matatu nayaona kila mara. La kwanza rekodi ni fupi, sekunde 30 inarudiarudia, na ndani yake kuna ngurumo moja, sasa watu wanasikia ngurumo ileile mara sita na kufikia ya tatu washajua. Tafuta rekodi ndefu kuliko tukio lenyewe na isiyo na ngurumo ndani, ngurumo uzipige mwenyewe kwa wakati wake.

La pili ni mahali pa spika. Spika zikiwa mbele ya jukwaa zikiwatazama watu, mvua inakuwa inanyesha kwa watazamaji. Ziweke nyuma ya mapambo ya jukwaa, bora zaidi zielekee ukutani au juu, sauti igonge kwanza ndo ije. Kama tukio ni la ndani ya nyumba na spika iko nyuma ya ukuta wa dirisha, mtu akifungua dirisha fundi wa sauti anapandisha kidogo, akifunga anashusha. Kitu kidogo hicho lakini nimeona watu wazima wakigeuka kutazama lile dirisha.

La tatu mvua haina sauti moja. Inayopiga bati siyo inayopiga majani, na inayopiga mwamvuli ni nyingine kabisa. Amueni wahusika wako wapi kabla ya kutafuta rekodi.

Mvua ikianza watazamaji hawasikii maneno. Tupandishe maiki?

Hapana, shusheni mvua. Mvua ni mchanganyiko wa sauti zote kwa pamoja, nene na nyembamba, na inafunika kabisa zile herufi za pumzi kama s, f, sh na th, kwaiyo mtazamaji anasikia kwamba mtu anaongea lakini hapati neno. Ukipandisha maiki utapandisha na mvua iliyoingia kwenye maiki.

Mvua ianze kwa nguvu, watu waisikie sekunde kama 10 hivi bila mtu kuongea. Halafu kabla ya neno la kwanza ianze kushuka polepole, polepole sana mtu asigundue, mpaka ibaki kwa mbali tu. Masikio yakishaizoea yataendelea kuisikia. Kwenye kimya kati ya maneno, mtu anapowaza au anapotazama nje, ipande tena kidogo. Kipimo changu ni kumkalisha mwanafunzi ambaye hajasoma mchezo kwenye kiti cha mwisho kabisa, afumbe macho, arudie kwa sauti kila sentensi anayoisikia. Akikwama mara mbili mvua ni kubwa.

Ngurumo je?

Kama una nafasi tengenezeni bati la ngurumo. Ni karatasi ya chuma nyembamba, urefu mita 1.5 mpaka 2, mnaining'iniza kwa juu alafu mtu anashika ukingo wa chini anaitikisa. Iwe bapa. Wengi wanachukua bati la kuezekea lenye mikunjo wanashangaa halitoi kitu, ile mikunjo kazi yake ni kulifanya bati liwe gumu, halipindi, na bati lisilopinda halingurumi. Kingo zote zizungushiwe tepu nene na anayetikisa avae glavu, hizi kingo zinakata kama wembe. Kutikisa kwa mkono taratibu kunaleta ngurumo ya mbali, pigo moja la ghafla linaleta radi ya karibu.

Mambo haya ni ya zamani sana na wanafunzi wanapenda kuyasikia. Bristol kule Uingereza kuna ukumbi uliofunguliwa mwaka 1766 ambao juu darini una mifereji ya mbao ambayo mipira mizito iliviringishwa ndani yake ili ngurumo ipite juu ya vichwa vya watu. Mwaka huohuo 1766 ndo ulifunguliwa na ukumbi wa kasri la Drottningholm kule Uswidi, na mashine zake za mbao za ngurumo na upepo bado zipo. Na inasimuliwa kwamba mwandishi John Dennis, aliyebuni namna yake ya kutengeneza ngurumo kwa ajili ya tamthilia yake iliyochezwa ukumbi wa Drury Lane, London, mwaka 1709, alikuta tamthilia yake imeondolewa haraka alafu muda si mrefu akaisikia ngurumo yake kwenye Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, akasimama kulalamika kwamba wameiiba. Yaani watu washagombania ngurumo, sio jambo dogo hili.

Kitu kinachosahaulika ni nafasi kati ya mwanga na sauti. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwaiyo sekunde 3 ni karibu kilomita 1. Mkitaka watazamaji wahisi dhoruba inakuja, mwali wa kwanza acheni sekunde 6 ndo ngurumo, wa pili sekunde 4, wa tatu 2, wa mwisho vyote pamoja. Hakuna atakayehesabu lakini kila mtu mwili wake utajua.

Na miali ya umeme wa radi?

Taa moja au mbili nyeupe kali, ziwekwe upande mmoja tu, juu, zisambaze vivuli virefu. Mwali mfupi, nafasi ndogo, alafu miwili ya harakaharaka, giza. Usitumie taa ya disko ya kupepesa mfululizo. Kwanza haifanani na radi, pili kuna watu wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga wa kupepesa, kwaiyo miali isizidi 3 ndani ya sekunde moja na tangazo liwekwe mlangoni na lisomwe kabla ya onyesho kwamba kutakuwa na miali. Hili msilifanyie mchezo, watazamaji wenu ni watoto.

Tuna projekta. Tunaweza kuonyesha mvua ya video?

Mnaweza, na ikifanywa vizuri inapendeza. Tafuteni video ya michirizi myeupe juu ya weusi mtupu, muirushe kwenye kitambaa cha wavu mwembamba kilichotundikwa nyuma ya waigizaji, mbele ya pazia jeusi. Projekta ikae juu au pembeni, mvua isipite kwenye nyuso za watu, uso wenye michirizi inayokimbia unachosha macho na hausomeki.

Kasi ndo inayoharibu. Tone kubwa la mvua ya kweli linaanguka kwa kama mita 9 kwa sekunde, yaani jukwaa la urefu wa mita 4 linalipita ndani ya nusu sekunde. Video nyingi zimepunguzwa kasi zionekane nzuri, matokeo yake inaonekana theluji. Jaribu kufuata mchirizi mmoja kwa jicho kutoka juu mpaka chini, ukiweza kuufuata basi ongeza kasi.

Hatuna projekta wala taa za maana.

Badilisheni rangi basi. Ondoeni mwanga wa njano na wa joto, wekeni filta ya buluu nyepesi (ile ya kampuni ya Lee namba 201 inatosha kabisa), punguzeni mwanga wa mbele muache wa pembeni. Hapo tu jukwaa limeingia wingu. Mkitaka na dimbwi, chukueni beseni jeusi lenye maji kidogo, taa ipige juu ya maji kwa mshazari mwanga urukie ukutani, mtu aguse maji kwa kidole kila mara. Beseni na taa viwe nyuma ya jukwaa na taa iwe ya betri.

Kuna pia wanaotundika nyuzi za nailoni zenye vipande vya karatasi inayong'aa. Kwa watoto wadogo na mchezo wa ngano inafaa, kwa mchezo wa uhalisia mimi siipendi. Mkiitumia iwe mbali na taa zinazopata joto.

Waigizaji waonekaneje wamelowa bila kuwalowesha?

Hapa ndo napenda watu watulie. Mtu aliyetoka mvuani halowi sawasawa mwili mzima, analowa kichwani, mabegani, na chini ya magoti kwa maji yanayoruka. Kifua kinabaki kikavu kidogo kwasababu alikuwa ameinama. Chupa ya kunyunyizia maji ikae nyuma ya pazia, apuliziwe sehemu hizo tu sekunde chache kabla ya kuingia. Nguo ziwe za kijivu au buluu ya kati, rangi zinazobadilika zikipata maji. Nyeusi haionyeshi kitu, na nyeupe ikilowa inaonyesha mwili, msimvalishe mwanafunzi nguo nyeupe kwenye tukio la kulowa.

Kwa nywele na uso changanya glisirini na maji nusu kwa nusu, inabaki matone hata chini ya taa za joto wakati maji matupu yanakauka. Isiingie machoni, ijaribiwe kwanza mkononi siku moja kabla, na isidondoke sakafuni manake inateleza kuliko maji.

Alafu mwili wenyewe. Kuna binti mmoja nilimfundisha, alikuwa na tukio la kukaa barazani mvua ikianza. Tulimpa sauti, tukampa taa, bado ilikuwa kavu. Siku moja kwenye mazoezi akanyoosha tu mkono nje ya baraza, kiganja juu, akasubiri. Akautazama mkono. Akaurudisha akaufuta kwenye sketi. Hapo ukumbini kulikuwa na wanafunzi kama kumi wanasubiri zamu yao, na wawili wao wakatazama juu kwenye dari. Tangu siku hiyo kila mwigizaji wangu namuuliza: tone la kwanza limekugusa wapi? Shingoni, kwenye pua, kwenye karatasi uliyoshika? Akishajua hilo mengine yanafuata yenyewe, atapandisha sauti kushinda mvua, atamvuta mwenzake kwa kiwiko, atatembea kwa kuchagua pa kukanyaga.

Bado tunataka maji ya kweli. Inawezekana?

Inawezekana kwa masharti, na jibu langu ni refu kwasababu hapa ndo watu wanaumia.

Msinyeshee jukwaa lote. Tengenezeni pazia jembamba la mvua nyuma ya dirisha au ukingoni mwa paa la baraza, nyuma kabisa ya jukwaa, mahali ambapo hakuna anayepita. Chukua bomba la plastiki la mita 3, toboa matundu ya milimita 1 kila baada ya sentimita 5, yatakuwa kama 60. Maji yaingie kutoka pande zote mbili za bomba, yakiingia upande mmoja tu matundu ya mbali yanatoa machozi na ya karibu yanaruka. Matundu yasielekee chini moja kwa moja, yageuzwe kidogo pembeni, maji yazunguke bomba ndo yadondoke kama matone badala ya nyuzi. Kwa msukumo mdogo mfumo huu unatumia kama lita 4 hadi 8 kwa dakika, kwaiyo tukio la dakika 3 ni ndoo moja au moja na kitu. Watu huwa hawaamini kwamba inatosha.

Inatosha kwasababu ya taa. Maji hayana rangi, ukiyamulika kutoka mbele hayaonekani kabisa, unaweza kumwaga pipa zima watu wasione. Mwanga utoke nyuma au pembeni na nyuma ya maji pawe peusi, kila tone litawaka.

Chini kuwe na beseni refu lililotandikwa turubai la plastiki lisilo na kiungo, na ndani yake taulo au zulia kuukuu, bila hivyo matone yanaruka nje na kelele yake inashinda maneno. Pigeni na hesabu ya uzito: beseni la mita 3 kwa mita 1 lenye maji ya sentimita 2 ni lita 60, na lita 1 ni kilo 1.

Umeme ukaguliwe na fundi aliyesomea, sio mwanafunzi anayejua kompyuta. Soketi na viungo vyote vya waya viinuliwe kutoka sakafuni, laini ya jukwaa iwe na swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja (ile ya milliampia 30, yaani 30 mA), na pampu ikae ndani ya uangalizi wa mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine yoyote usiku huo. Maji mmwage baada ya kila onyesho mkaushe bomba, maji yaliyotuama kwenye joto la nyuzi 20 mpaka 45 yanakuza bakteria wa Legionella wanaoumiza mapafu, na nyie mnayarusha hewani watu wanayavuta.

Nakumbuka onyesho moja tulilowahi kuweka maji bila turubai la maana. Usiku wa kwanza watu walipiga makofi. Usiku wa pili mbao za sakafu zilikuwa zimevimba, mlango wa nyumba ya jukwaani ukagoma kufunguka na mwigizaji akabaki nje anasukuma, alafu kijana mwingine akateleza akaangukia kiwiko. Alipona, lakini wiki nzima nilikuwa namwangalia ule mkono. Baada ya pale sijawahi kukubali maji mahali mwanafunzi anapokanyaga.

Mwalimu mkuu amekataa maji kabisa. Tumbembeleze?

Msimbembeleze. Chovya mwamvuli kwenye ndoo, mwigizaji aingie nao unachuruzika, aukunje na kuuegesha ndani ya chombo karibu na mlango. Nusu kikombe cha maji, na ukumbi wote umeona mvua.

Mashine ya moshi inasaidia?

Kidogo, inafanya mwanga uonekane hewani. Ila inaweza kuamsha kengele ya moto, kwaiyo anayesimamia jengo ajue mapema, na msizime kengele wenyewe.

Mazoezi ya mvua yaanze lini?

Siku waigizaji wanapoacha kushika karatasi. Sauti hata iwe ya trei na mchele tu, iwepo, ili miili iizoee. Anayeendesha mvua naye ni mwigizaji, awe na nakala yake ya mchezo iliyoandikwa mahali pa kupandisha na pa kushusha, na ajue mchezo kama wenzake.

Mvua inaishaje? Yetu inakatika ghafla kama bomba limefungwa.

Kwasababu mnashusha sauti kwa sekunde mbili! Mvua ikipusa inachukua muda, na bado paa linadondosha matone. Shusheni rekodi kwa sekunde 20 au 30, mwanga wa joto uanze kurudi kutoka upande mmoja, na mwigizaji mmoja abaki na mwamvuli wazi mpaka mwenzake amguse. Wakati huo mpe mwanafunzi kikombe cha plastiki kilichotobolewa kwa sindano na bakuli la chuma, akae nyuma ya pazia. Rekodi ikiisha kabisa yeye ndo anabaki, ndo, ndo, ndo, matone matano au sita, kila moja likichelewa zaidi ya lililotangulia, akiona mwamvuli unafungwa anaziba kikombe kwa kidole.